Kupima moshi Lushoto bila kuuchanganya na ukungu

Mji wa Lushoto uko bondeni katika milima ya Usambara Magharibi, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku usio na upepo hewa baridi huteremka toka mlimani na kutuama chini, na moshi wa kuni za jioni hukosa pa kutokea hadi jua lipande. Saa hizo hizo ndizo za ukungu. Anayepima hewa hapa asipotenganisha hivi viwili, takwimu zake hazitamfaa mtu.

Kihisi ninachotumia ni PMS5003. Kina feni ndogo inayovuta hewa ipite kwenye mwali wa leza. Chembe hutawanya mwanga, na mwanga huo ndio unaopimwa. Hakijui chembe ni ya nini. Tone la ukungu hutawanya mwanga vilevile, na chembe ya moshi ikinyonya unyevu huvimba, ikaonekana kubwa kuliko ilivyo. Ndiyo sababu kila boksi lina SHT31 ya joto na unyevu. DHT22, kihisi kingine cha joto na unyevu, nimeiacha: ikikaa muda mrefu kwenye unyevu unaokaribia asilimia 100, vipimo vyake hupotoka.

Unyevu ukizidi asilimia 85, kipimo nakiwekea alama wala sikifuti. Kisha natazama mchoro wa saa 1 hadi saa 4 asubuhi. Ukungu ukiondoka, unyevu na chembe hushuka pamoja, tena haraka. Kama ni moshi, unyevu hushuka lakini chembe hubaki juu. Mchoro huo una thamani kuliko kanuni yoyote ya kusahihisha. Ipo kanuni iliyotolewa Marekani mwaka 2021 kwa vihisi vya PurpleAir, ambavyo hutumia vihisi vya aina hii ndani: chukua namba ya safu ya CF=1 (moja ya safu za namba ambazo kihisi hutoa), zidisha kwa 0.524, toa 0.0862 mara asilimia ya unyevu, jumlisha 5.75. Naitumia kama makisio ya awali tu, kwa kuwa ilitokana na hewa ya huko.

Boksi ni lile la plastiki la kuunganishia nyaya za umeme. Tundu la kuingizia hewa na la feni kutolea hewa yapo upande mmoja wa kihisi, kwa hiyo weka kipande cha sponji katikati, la sivyo kihisi kitavuta tena hewa kilichokwisha kuitoa. Matundu yote yatazame chini. Ziba kwa wavu wa dirishani kuzuia buibui. Kitambaa kizito hukaba feni. Acha tundu la milimita 5 la kutolea maji. Boksi lifunge mita 2 hadi 3 kutoka ardhini, mbali na upenyo kati ya ukuta wa jiko na bati, maana hapo utapima jiko la nyumba moja ukidhani umepima mji.

Feni inataka volti 5, lakini nyaya za data ni za volti 3.3, kwa hiyo ESP32, kompyuta ndogo inayosoma vihisi, inaunganishwa moja kwa moja. Vyote vikiwaka mfululizo hula kama wati 1, yaani wati-saa 24 kwa siku. Betri ya risasi ya volti 12, ampea-saa 7, ina wati-saa 84, na ukitumia nusu ili isife mapema, haifiki siku mbili za mawingu. Basi kiwashe kihisi kila dakika 10: sekunde 30 za kutulia, sekunde 60 za kupima, kisha kilale. Leza nayo hudumu zaidi. Pawabenki nyingi hujizima mzigo ukiwa mdogo, hazifai.

Andika kwanza kwenye memori kadi, ukitumia DS3231, saa ndogo ya kielektroniki, ndipo utume mtandao ukipatikana. Mimi huandika kwa UTC, saa za kimataifa. Ongeza 3 kupata saa za Afrika Mashariki kwa mtindo wa saa 24, ambapo 07:00 ndiyo saa 1 asubuhi.

Kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2021 kwa PM2.5 (chembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5), maikrogramu 15 kwa mita ya ujazo, ni wastani wa saa 24, kwa hiyo usikilinganishe na kilele cha saa moja. Safu ya PM10 (chembe hadi mikromita 10) usiitegemee kabisa: PMS5003 hukosa sehemu kubwa ya vumbi nene la barabara ya udongo.

Weka vihisi viwili kwenye kila boksi. Vipimo vyake vikianza kuachana siku kavu, safisha vihisi kwa kipulizio cha mkono, na kilichopotoka kisiporudi sawa, kibadilishe.