Mwambie fundi wako

"Mwambie fundi wako anajua kupima."

Tangu Jumanne maneno haya hayajanitoka kichwani. Wiki hii dada kajifungua salama, bosi karudi kutoka Dar na habari kwamba betri zimeshatoka bandarini, na mimi akili yangu bado iko kule Unga Limited, hapa Arusha, mbele ya leti, mashine ya kuchonga vyuma, namsikiliza mzee yule mchongaji.

Mnaonifuata hapa mnajua tulipoishia: gereji yetu inageuza gari la dizeli liwe la umeme. Ile Land Cruiser ya watalii imeshatolewa injini yake ya dizeli, 1HZ ya silinda 6, lita 4.2. Gia boksi imebaki palepale na transfa yake, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Mota imetoka kwenye gari la umeme, Nissan Leaf ya kizazi cha kwanza: kilowati 80, nguvu ya kuzungusha Nm (nyutoni-mita) 280. Hizo Nm ni karibu sawa na za ile dizeli enzi za afya yake, ila dizeli lazima uikanyagie kwanza ndipo ifike huko, wakati mota inakupa zote gari likiwa bado halijasogea. Wanaopita gereji wanashangaa nyaya nene za rangi ya chungwa. Kwangu mimi moyo wa kazi hii uko pale mota inapokutana na gia boksi.

Injini na gia boksi vimetoka kiwandani vikijuana. Bolti kazi yake ni kubana tu. Kinachoweka kila kimoja mahali pake ni zile pini mbili za pembeni. Na ncha ya shafti ya gia boksi huwa imeingia kwenye beringi ndogo nyuma ya kranki, mhimili mkuu wa injini. Ukitoa injini, beringi hiyo nayo imeondoka, na ncha haina pa kuegemea. Kwa hiyo unahitaji bamba la kuunganisha nyumba ya mota na nyumba ya klachi, na unahitaji kiungo cha chuma kinachoshika mota upande mmoja na meno ya shafti upande wa pili, ndani yake kukiwa na makao mapya ya ile beringi. Meno hayo hatuchongi upya. Tunakata kitovu cha klachi pleti ya zamani, maana chenyewe tayari kinalingana na shafti.

Katikati ya mota na katikati ya gia boksi zikipishana kidogo, gari litatembea vizuri tu mwanzoni. Baadaye sili ya kuzuia mafuta itavuja, halafu beringi ya mbele itaanza kulia, mwisho meno yataliwa. Mjini utaita mtu wa kukuvuta. Ndani ya Serengeti una wageni sita garini, huruhusiwi kushuka ovyo, na gari la kukuvuta liko saa kadhaa kutoka hapo.

Ndiyo maana nilipima vile. Kuna wanaopaka grisi kwenye ukingo wa gia boksi, wanagandamiza boksi la karatasi, wanapeleka alama hiyo kwa mchongaji. Mimi nilianzia kwenye zile pini mbili, nikatafuta katikati ya shafti kutoka hapo, kila kipimo nikakiandika hadi sehemu ya mia ya milimita. Mchoro niliuchora kwa penseli usiku, mezani kwa mama, wao wakitazama taarifa ya habari.

Mzee aliupokea, akavaa miwani. Kidole chake, kimejaa mafuta mpaka kwenye mikunjo, kikapita polepole juu ya mstari wa kutoka pini moja hadi nyingine.

"Hapa ndipo alipoanzia?"

"Ndiyo, mzee."

Akanyamaza. "Mwambie fundi wako anajua kupima. Wengine wananiletea makadirio, kazi ikiharibika lawama zangu."

"Nitamwambia."

"Alhamisi jioni, binti. Akiweza aje mwenyewe, nina swali lake."

Nimeyarudia maneno haya kwenye daladala, nikiosha vyombo, hata wodini wakati dada ananikabidhi mtoto. Hakuna aliyewahi kuisifu kazi yangu vizuri namna ile. Mtu aliyechonga vyuma tangu sijazaliwa kaukuta mstari ambao mimi mwenyewe nauona ndio bora kuliko yote kwenye karatasi ile, na sifa kampa mtu ambaye hayupo. Nafurahi, halafu naumia, halafu najiuliza kwa nini furaha isitangulie ikae. Nimejaribu kichwani kila namna ya kujibu. "Fundi ni mimi, mzee." "Nimeshamwambia." Zote zinasikika kama ugomvi, na mimi sikuwa na ugomvi naye.

Alhamisi nikaenda. Shikamoo, marahaba. Akatazama nyuma yangu kama kuna mtu anakuja, kisha akauliza, kama anayeuliza hewa, mbona mchoro hauna nafasi ya klachi.

Nikamjibu. Injini ya dizeli haiwezi kusimama bila kuzimika, ndiyo maana inahitaji kitu cha kuitenganisha na magurudumu. Mota gari likisimama nayo inasimama, ukikanyaga inaanza upya. Dereva ataondoka na gia ya pili au ya tatu, akitaka kubadili anaachia mafuta kidogo, anaingiza taratibu. Kwenye tope anaweka transfa gia nzito kama zamani.

"Anaachia mafuta?" akasema.

"Anaachia umeme, mzee."

Akacheka. Akauliza kama kuna waliotangulia. Nikamwambia Serengeti imepokea gari la watalii la umeme tangu 2018, na kwamba Nairobi kuna Opibus, ambao sasa wanaitwa Roam, walibadilisha Land Cruiser nyingi kabla ya kugeukia pikipiki na mabasi.

Ndipo akanionyesha kiungo. Jamani. Kitovu alikuwa amekichomelea kwanza, akakiacha kipoe chenyewe, na tundu la beringi akalikata mwisho kabisa, ili chuma kama ni kupinda kwa joto kipinde kabla ya kipimo cha mwisho. Hilo sikuliandika kwenye mchoro. Amelifanya kwa sababu anajua. Akakifunga kwenye leti, akaegesha geji ya mshale ndani ya tundu, akasogea pembeni.

"Pima."

Nikazungusha kichwa cha leti kwa mkono. Mshale ukacheza milimita 0.04 kwa mzunguko mzima, maana yake katikati imehama 0.02. Unywele wa mtu ni mnene kuliko hapo. Mpaka niliojiwekea ulikuwa 0.05.

Hakusema neno lingine, nami sikusema. Jana tumefunga mota. Gia ikiwa nyutro, shafti nimeizungusha kwa vidole viwili, haikwami popote. Betri zikifika ndipo tutajua mengine, ila hili la katikati nina uhakika nalo, na nataka madereva watakaolitumia gari hili wawe na uhakika huohuo.

Mwenye nyumba amepita tena leo asubuhi. Anataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, na niliyonayo haifiki ya mitatu. Nimemwomba anisubiri hadi mwisho wa mwezi, akaitikia tu bila kusema ndiyo, na mchana jirani kaniambia kuna watu waliletwa kuangalia chumba.