Filamu hii ni ya lini? Kusoma picha za Ujerumani, 1939 hadi 1961

Kuna kipande ambacho karibu kila mpenzi wa historia amekiona: Hitler, kola ya koti imesimama, anapita mbele ya safu ya wavulana wa Hitlerjugend, umoja wa vijana wa Kinazi, kwenye bustani ya ikulu yake Berlin, anampapasa mmoja shavu. Msimulizi atakwambia ni 20 Aprili 1945, siku alipotimiza miaka 56. Si kweli. Kipande hicho kimo katika toleo namba 755 la Die Deutsche Wochenschau, habari za sinema za utawala wa Kinazi, la mwisho kabisa, lililotolewa 22 Machi 1945. Kilichokwisha onyeshwa sinema mwezi Machi hakiwezi kuwa kimepigwa Aprili. Kosa linaendelea kuishi kwa sababu anayekopi picha hukopi na maelezo yake, na namba ya toleo haimshughulishi mtu.

Kwa hiyo unapoletewa kipande cha filamu za vita au za baada ya vita, zima sauti kwanza. Wapiga filamu wa vikosi vya propaganda vya Wehrmacht, jeshi la Ujerumani, wale wa Propagandakompanie, walitumia sana Arriflex 35, kamera ya mkononi iliyotoka 1937. Haikurekodi sauti. Kikasha chake cha mita 60, kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde, kilitosha dakika 2 na sekunde 11 hivi. Mkanda ulipelekwa Berlin, ukakatwa, kisha milio ya mizinga, muziki na sauti ya mtangazaji vikaongezwa huko. Ukitaka kuhakiki kwa sikio, tazama bomu linalopasuka kama kilomita moja kutoka kamera: mlio wake ungechukua takriban sekunde 3 kufika. Ukisikika palepale moshi unapotokea, umebandikwa.

Baada ya hapo angalia kama picha imegeuzwa kushoto-kulia, maana wahariri hugeuza ili majeshi yote yaelekee upande mmoja. Mkono wa komeo la bunduki ya Kar98k uko kulia. Tai wa kifuani kwenye koti la Wehrmacht yuko upande wa kulia wa mvaaji. Waffen-SS, tawi la kijeshi la SS, walimweka kwenye mkono wa kushoto. Ukiona komeo liko kushoto, usihangaike na ramani wala majina ya mitaa, geuza picha kwanza.

Sasa tarehe. Hapa watu wengi huchanganya ushahidi wa aina mbili ambao nguvu zake hazilingani. Kitu ambacho kilikuwa hakijatengenezwa bado ni ushahidi mzito. Kitu kilichoamriwa kiondolewe ni ushahidi mwepesi, kwa sababu amri hutolewa leo na askari hutekeleza akipata nafasi.

Chukua kofia za chuma. Ngao ya rangi tatu iliyokuwa upande wa kulia iliamriwa kuondolewa Machi 1940, na nembo ya tai Agosti 1943. Lakini kofia zenye nembo ziliendelea kuonekana muda mrefu baada ya hapo, kwa hiyo nembo peke yake haikupi mwaka. Vifaru ni habari nyingine. Tiger wa kwanza waliingia vitani karibu na Leningrad mwishoni mwa msimu wa joto wa 1942. Panther, kifaru kingine, alianza kwenye mapigano ya Kursk, Julai 1943. Na kuna Zimmerit, ile plasta ngumu yenye mistari iliyopakwa kwenye chuma ili mabomu ya sumaku yasishike. Ilianza kupakwa viwandani karibu na Septemba 1943, ikasimamishwa Septemba 1944. Filamu ngapi za televisheni zinaonyesha Panther aliyejaa mistari ya Zimmerit huku msimulizi akisema Kursk! Kifaru hicho kilikuwa hakijatoka kiwandani mapigano yale yalipokwisha. Kinyume chake hakithibitishi kitu: kifaru kisicho na Zimmerit chaweza kuwa cha kabla, cha baada, au kile kilichokuwa tayari mstari wa mbele bila kupakwa.

Baada ya Mei 1945 kazi inakuwa nyepesi, kwa sababu majengo hayafanani na kofia, likibomolewa limebomolewa. Ikulu ya kifalme ya Berlin ililipuliwa kati ya Septemba na Desemba 1950. Mifupa ya chuma ya kuba la Reichstag, jengo la bunge, iliangushwa 22 Novemba 1954. Ukiona kuba hilo nyuma ya watu wanaokokota mikokoteni, una kikomo cha juu: filamu si ya baada ya tarehe hiyo. Kwa kikomo cha chini, yaani tarehe ambayo filamu haiwezi kuwa ya kabla yake, tazama barabarani. Volkswagen yenye dirisha moja la yai nyuma ni ya Machi 1953 au baadaye. Yenye dirisha lililogawanyika haikwambii mengi, maana magari mazee yaliendelea kutembea. Vibao vyeupe vya namba za magari ya Ujerumani Magharibi, vinavyoanza na herufi za wilaya, ni vya kuanzia 1 Julai 1956. Trabant, gari dogo la Ujerumani Mashariki, ni 1957 kwenda mbele. Bendera ya Ujerumani Mashariki yenye nyundo na bikari ni ya kuanzia 1 Oktoba 1959. Kabla ya hapo ilifanana na ya Magharibi, na hilo limewapoteza wengi. Kuhusu ndege zilizolisha Berlin wakati wa mzingiro, Wamarekani walianza 26 Juni 1948 na C-47 za injini mbili. Picha ya C-54 ya injini nne haiwezi kuwa ya siku hiyo ya kwanza.

Ukibahatika kushika mkanda wenyewe, soma ukingo wake. Alama za Kodak za duara, mraba na pembetatu hutaja mwaka ambao mkanda ulitengenezwa, na zilijirudia kila baada ya miaka 20, kwa hiyo alama ya 1925 ni ileile ya 1945. Mtego mkubwa zaidi ni neno NITRATE, yaani mkanda wa nitreti unaowaka kwa urahisi; SAFETY ni mkanda salama. Kwenye nakala ya kuonyesha, maandishi meusi ni ya mkanda ulioushika. Maandishi meupe kwenye weusi yamechapika kutoka negativu. Mkanda wenye SAFETY nyeusi na NITRATE nyeupe ni salama, ila asili yake ilikuwa nitreti. Ukikosea upande wa pili ni hatari: nitreti hujitengenezea oksijeni inapoungua na maji hayaizimi. Ikianza kunata, kutoa mapovu au unga wa kahawia, funga mkebe na uite wataalamu. Harufu ya siki ni ya asetati, aina ya mkanda salama. Haitawaka vile, lakini inaharibika.

Pima pia kusinyaa. Matundu 100 ya ukingoni mwa mkanda wa milimita 35 yana urefu wa takriban milimita 475. Ukipata 470, umesinyaa asilimia 1 na zaidi kidogo. Usiupitishe kwenye projekta, meno yatararua matundu. Tafuta skana ya roli isiyo na meno.

Kuhusu mahali pa kutafuta: Bundesarchiv, hifadhi ya taifa ya Ujerumani, ya Berlin ina matoleo ya Wochenschau pamoja na hazina ya iliyokuwa hifadhi ya filamu ya Ujerumani Mashariki. Filamu zilizotekwa na Wamarekani ziko Hifadhi ya Taifa ya Marekani, College Park, kundi la kumbukumbu namba 242. Walizopiga wenyewe, kupitia Signal Corps, kikosi cha mawasiliano cha jeshi lao, ni kundi la 111. Imperial War Museums ya London ina karatasi walizojaza wapiga filamu wa jeshi la Uingereza, shoti kwa shoti, na hizo mimi nazithamini kuliko filamu nyingi zilizohaririwa. Welt im Film, habari za sinema za Waingereza na Wamarekani, zilianza 18 Mei 1945. Der Augenzeuge ya eneo la Kisovieti ilianza Februari 1946. Tukio moja likiwa kwenye zote mbili, ziweke sambamba.

Unapoagiza, taja namba ya toleo na dakika, omba nakala ya kizazi cha zamani kabisa iliyopo, yaani iliyo karibu zaidi na mkanda wa asili, na skani inayoonyesha ukingo na matundu. Omba fremu zilezile za asili bila kupakwa rangi na bila fremu za kubuniwa na kompyuta. Uliza pia kasi: filamu ya fremu 24 ikichezwa kwa 25 za televisheni ya Ulaya, dakika 10 zinakuwa 9 na sekunde 36, na hesabu zako zote za urefu wa shoti zitapotoka.