Mstari ulioshuka

Jamani nimetoka sasa hivi kuongea kwa vidio na dada yangu, yeye anasoma Ujerumani, mie niko hapa Wete na mama.

Mama ana valvu ya kutengenezwa moyoni, usiku kukiwa kimya unaisikia, tik tik tik.

Leo dada katuonesha maabara kwao. Kuna kipande cha kwatzi (aina ya jiwe la fuwele) cha duara kama sarafu, kimepakwa madini ya taitaniamu juu, kinatetemeka mara milioni 5 kwa sekunde! Akapitisha maji yenye albumini, ile protini iliyo nyingi kuliko zote kwenye majimaji ya damu, sasa protini zikinata kipande kinakuwa kizito na mtetemo unapungua, kila hezi 1 (yaani mtetemo mmoja kwa sekunde) ikishuka ni kama nanogramu 17.7 kwa sentimita moja ya mraba (na maji yaliyoshikana nazo yamo humo humo).

Wallahi ule mstari wa mtetemo kwenye skrini ulishuka papo hapo, hata dakika haijafika.

Mama kimya, mkono kifuani. Mara akauliza, "Kwa hiyo na hii yangu imenatwa hivo?"

Dada akamwambia ndio mama, toka siku ile ile ya operesheni, na fibrinojeni, protini nyengine ya damu, ikinata ndo inaita chembe za kugandisha damu, ndo mana unameza warfarini, ile dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku.

Mama akainuka akenda kutafuta kidonge chake, hata Isha haijaadhiniwa.

Nyie wenye wazee wenye valvu au vyuma mwilini, mshawahi kuelezwa haya? Niambieni.