Poda ya Kabla ya Boti

Jumapili, baada ya isha

Katika chumba cha ndani cha nyumba yetu hapa Langoni, mjini Lamu, kuna kidaka kimoja, tundu la ukutani la kuwekea vitu, ambacho tangu utoto wangu kilikuwa cha bibi peke yake. Humo aliweka chupa ya marashi, kijaluba cha wanja na kipande cha liwa, mti wenye harufu nzuri, kilichopungua kwa kusagwa, na sisi wajukuu tulijua kuwa mkono haufiki pale bila ruhusa. Wiki iliyopita alivisogeza vitu vyake upande mmoja, akaniambia niweke vyangu. Vyangu ni vinne tu: losheni ya kukinga jua, poda, penseli ya wanja na rangi ya midomo. Imenichukua wiki sita kuvifikia vinne hivyo, na usiku huu nataka kuiandika njia niliyopita ningali naikumbuka.

Nilipopata kazi ya mapokezi katika ofisi moja kule Mokowe, ng'ambo ya maji, sikuwa nimewahi kujipodoa isipokuwa siku za Idi na harusi, na hata siku hizo ni shangazi aliyenishika kidevu akanipaka mwenyewe. Hakuna aliyeniamrisha nijipambe kazini. Nilitaka kwa hiari yangu. Mtu aliyetoka Faza au Kiunga na karatasi zake mkononi, amechoka kwa safari, uso wa kwanza anaoupata ofisini ni wangu, na niliona si vizuri kumpokea na uso uliochujuka kwa jua na usingizi. Mimi huvaa buibui na mtandio, kwa hiyo uso na mikono ndiyo yote yanayoonekana, nayo nilitaka yawe nadhifu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la rangi. Niliingia duka moja jioni, taa za tubu zikiwaka, na muuzaji akanijaribia poda nyuma ya kiganja, akaniambia, "Chukua hii dada, itakung'arisha." Niliichukua. Asubuhi ya pili nilijipaka nikiwa chumbani, mahali ambapo kuta nene za mawe haziruhusu mwanga mwingi kuingia, nikajiona sawa. Boti ilipofika Mokowe na jua limeshapanda, niliinamisha kichwa nikaona ukingo wa mtandio wangu mweusi, pale unapogusa taya, una mstari mweupe kama chokaa iliyopanguka ukutani. Nilipojitazama kwenye kioo cha simu, uso ulikuwa wa kijivu na shingo ilikuwa yangu. Niliingia msalani kabla ya mtu yeyote kunisemesha, nikaosha yote, na siku hiyo nilifanya kazi bila kitu usoni.

Nimeifikiria sana asubuhi ile, kwa sababu fedha nilizozitupa zilikuwa za mkopo wa shangazi. Mkono si uso: kwa wengi wetu mgongo wa mkono una rangi yake, na taa ya dukani ina rangi yake pia. Poda hujaribiwa kwenye taya, karibu na shingo, kisha mtu hutoka nje akajitazama kwa mwanga wa mchana, akasubiri dakika kadhaa, maana zipo zinazokoza rangi kidogo zinapokutana na mafuta ya ngozi. Ile inayopotea ndiyo yake. Safari ya pili nilikwenda saa nne asubuhi, nikaomba nipakwe mistari mitatu midogo kwenye taya, nikatoka hadi barabarani kwenye jua, nikampisha punda aliyebeba mchanga, nikafungua kioo. Mstari mmoja sikuuona. Ilikuwa poda ambayo ndani ya kibati chake ilionekana nyeusi kuliko nilivyothubutu kuichagua, yenye umanjano kidogo, na ningeachwa na macho yangu peke yake nisingeigusa kamwe. Nilisimama pale barabarani nikafurahi kwa dhati, kwani kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya ngozi kama yangu.

Losheni ya kukinga jua ndiyo iliyonigharimu zaidi, shilingi 1,150, na ndiyo ambayo nisingeiacha hata kama ningelazimika kuacha tatu nyingine. Tunaishi nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta, na kila siku ya kazi mimi hukaa juu ya maji mara mbili, jua likinipiga kutoka juu na likirudi tena kutoka baharini. Yenye kipimo cha kinga ya jua (SPF) cha 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale inayounguza ngozi, na ya 50 huzuia asilimia 98, kwa hiyo sikuona sababu ya kulipia zaidi kwa ajili ya tofauti hiyo moja. Nilizoea kusikia kwamba sisi weusi hatuhitaji kinga, na ni kweli kwamba ngozi nyeusi haiungui upesi, lakini madoa yanayobaki baada ya chunusi kwangu hukaa miezi, na jua huyazidisha weusi. Zile zenye zinki au titani nyingi huacha weupe usoni, ule ule nilioukimbia. Nikapata moja yenye rangi ya udongo ndani yake, inayotokana na oksidi za chuma, jamaa ya ile inayoipa kutu wekundu wake. Rangi hiyo huondoa weupe na pia husaidia kuzuia mwanga wa kawaida unaokoza madoa. Kwa kuwa ina rangi, haikunilazimu kununua faundesheni.

Hapa sasa ndipo mafunzo niliyoyatazama kwenye simu yaliponiacha. Wale mabinti hupaka tabaka saba au nane, wakimaliza hupuliza maji ya kuugandisha uso, na fahari yao ni kwamba kila kitu kitakaa hadi usiku bila kubanduka. Uso wangu hauwezi kukaa hadi usiku, kwa sababu saa sita na nusu nautia maji ya udhu, na maji sharti yaifikie ngozi. Rangi ya midomo inayosifiwa kwa kudumu saa kumi na mbili, kwangu mimi hiyo ni ila. Nilijaribu wiki moja kubaki na udhu wa asubuhi hadi adhuhuri ili nisiuharibu uso, nikajikuta sinywi maji wala chai, nakaa kwenye kiti huku kichwa kinaniuma, na siku ya nne nikajiuliza ni ibada gani hii na ni urembo gani huu. Niliacha. Tangu hapo nimechagua kila kitu kwa swali moja, kwamba kinatoka kwa sabuni laini na maji kwa mara moja au hakitoki, na kisichotoka kinabaki dukani. Ndiyo maana vitu ni vinne. Asubuhi natumia dakika saba. Baada ya adhuhuri natumia tano, kwenye chumba chetu cha kuswalia wanawake, na kioo kidogo kinachoingia kwenye pochi. Na ikawa kwamba losheni ya jua yenyewe hutakiwa kurudiwa kila baada ya saa mbili mtu akiwa nje, kwa hiyo ile ninayopaka mchana ndiyo inayonilinda katika boti ya kurudi.

Boti nayo ina mambo yake. Msimu huu wa kusi maji yanaruka, na tone moja la chumvi likianguka juu ya poda mbichi huacha duara dogo kama la mvua kwenye vumbi. Nimejifunza kukaa upande wa demani, ule usiopigwa na upepo, mgongo kwa nahodha, na kusubiri dakika kumi kati ya losheni na poda ili vishikane. Nikilowa, nabonyeza kwa ncha ya mtandio, sifuti. Ikiwa maji yamechafuka kweli, poda husafiri ndani ya pochi na ninajipaka nikifika.

Penseli na rangi ya midomo hazikunisumbua. Penseli nilinunua kwa shilingi 100, nyeusi, na kwa mkono mwepesi inatumika machoni na pia kuziba mapengo ya nyusi. Rangi ya midomo ni ya kahawia inayokaribia ukwaju, shilingi 250. Poda ilikuwa shilingi 600. Jumla yake ni shilingi 2,100, mbali na ile poda ya kwanza, ambayo siwezi kuihesabu bila kuumia.

Bibi alinyamaza wiki zote hizo. Kwake yeye kujipamba ni jambo la ndani ya nyumba: liwa ikisagwa juu ya jiwe kwa marashi, hina mikononi, asumini kwenye nywele, mume arudi au wageni wa kike waje. Kuutia uso rangi ili kutoka nao mchana, kukaa mbele ya watu usiowajua, hilo halikuwa katika hesabu yake, na mimi sikutaka kumdanganya kwamba ni kitu kile kile. Aliponiuliza namtilia nani, nilimjibu kwamba natilia kazi, kama babu alivyokuwa akivaa kanzu iliyopigwa pasi kwenda kuandika hesabu za watu. Alinishika kidevu, akanigeuzia dirishani, akaniangalia kwa muda. Kisha akasema kwa Kiamu chake, Kiswahili cha Lamu, "Mato yako yatosha, usiyazidishie wanda." Nimelishika neno hilo, machoni napitisha mstari mmoja tu, juu, karibu na kope.

Naye amenisikiliza kwa lake. Wanja wa manga uliomo kijalubani ni wa jiwe la kusagwa, na mawe ya namna hiyo mara nyingi huwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na kwa watoto zaidi. Nilimwambia kwa upole, nikimtaja kitukuu wake anayetiwa wanja tangu arubaini. Hakubishana. Kijaluba bado kipo kidakani kwa sababu ni cha mama yake, ila mtoto hatiwi tena.

Kuna jambo moja ninalolisema kwa nguvu zangu zote, na wadogo zangu wamelisikia hadi wamechoka. Katika maduka mawili niliyoingia, kabla hata sijauliza poda, nilionyeshwa krimu ya kung'arisha, na mahali pamoja mkorogo uliokorogwa na muuzaji mwenyewe kwenye kopo lisilo na jina. Nyingi za hizo hutiwa zebaki au haidrokwinoni, dawa ya kufifisha rangi ya ngozi. Zebaki huingia mwilini kupitia ngozi na kuharibu figo, na aina nyingine ya zebaki ndiyo iliyowaangamiza wavuvi na watoto wao katika mji wa Minamata huko Japani, walipokula samaki wa ghuba yao. Mkataba wa kimataifa uliopewa jina la mji huo mwaka 2013 umevitaja vipodozi vya kung'arisha ngozi kwa jina. Sisi ni watu wa kula samaki. Binti mwenye mshahara wa kwanza mkononi, anayeogopa kuonekana mshamba ofisini, hastahili kuuziwa kitu kama hicho eti kiwe mwanzo wa urembo wake.

Alhamisi mwenzangu wa chumba cha faili aliniomba nimwonyeshe ninavyofanya. Ngozi yake ni nyeusi kuliko yangu na ina wekundu, na poda yake ya sasa inamwacha kijivu kama yangu ya kwanza ilivyoniacha. Kesho tumekubaliana kukutana gatini saa moja kasoro, kabla ya boti. Ana poda mbili alizoazima kwa dada zake. Tutakaa kwenye ukuta wa bahari, nitampaka mistari miwili kwenye taya, na tutangoja jua lipande juu ya mikoko ya Manda.