Kundi linachati, filamu haziendi pamoja: nilivyotatua

Tunatazama filamu moja, kila mtu nyumbani kwake, huku tunachati kwenye kundi la WhatsApp. Raha tupu, ila muuaji hajafunua uso kwangu, simu imeshatetemeka: "Kumbe ni shemeji yake!" Uhondo wote kwisha.

Intaneti ilikuwa sehemu ya tatizo, kwa kuwa video ikikwama unabaki nyuma. Hilo ni jepesi: wote tunasimamisha kwenye nembo ya mwanzo, mmoja anaandika "tatu, mbili, moja", tunabonyeza. Anayekwama anataja dakika aliyofikia, tunamngoja.

Bado rafiki mmoja alikuwa anatupita kidogokidogo, mpaka mwishoni yuko mbele kwa dakika kadhaa. Nikamwomba picha ya skrini yake. Filamu yake ilikuwa ya dakika 115, yangu 120, na hakuna tukio lililokatwa! Kumbe anatumia DVD ya Ulaya. Filamu za sinema kwa kawaida huwa na picha 24 kwa sekunde, na DVD za mfumo wa PAL, yaani mfumo wa video wa DVD za Ulaya, mara nyingi huzichezesha kwa 25. Kwa hiyo sisi tukifika dakika ya 24, yeye yuko kwenye tukio la dakika yetu ya 25.

Anatazamia kwenye kompyuta, basi akapunguza kasi ya programu hadi 0.96, tukaenda sawa mpaka mwisho. Mwenye kicheza DVD cha kawaida huenda asipate kasi hiyo. Huyo namshauri atafute nakala kama ya wenzake.