Filimbi ya mtungi

Jana kwenye zoezi letu la zimamoto nilipotea ndani ya nyumba ya vyumba vinne tu. Kinyago kimezibwa kitambaa, sioni kitu. Nikauachia mpira wa maji, ndio njia yangu ya kurudi mlangoni, mara moja nimpapase "majeruhi", nilipogeuka sikuupata tena. Ukuta huu, ukuta ule. Moyo mbio, na khofu inakula hewa upesi kuliko kazi yenyewe. Mara filimbi ya mtungi wa hewa mgongoni ikalia: hewa imebaki chini ya robo.

Nikapiga magoti, nikatulia, nikaita redioni: jina langu, nilipo, kilichonipata, hewa niliyobakiwa nayo. Wenzangu wawili waliowekwa mlangoni kwa kazi hiyo tu wakaingia kunifuata. Zimamoto wengi tunaona haya kuita. Ndugu zangu, iteni mapema, kabla ya filimbi. Mimi nilichelewa.

Usiku sikulala, nauwaza Mji Mkongwe wetu. Vichochoro gari halipiti, mipira tunaikokota kwa mikono. Na zile dari: boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa. Boriti zikiungua, uzito wote ule unamshukia aliye chini. Sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la hapo hapo, iliporomoka Disemba 2020 bila hata ya moto!

Nanyi majirani, tukifika tuambieni kwanza nani kabaki ndani, chumba gani, na mtungi wa gesi uko wapi. Msirudi kufuata vitu, tafadhalini.

Jumamosi tunarudia zoezi, nyumba ile ile. Safari hii mpira siuachii, inshaallah.