Maneno magumu ya Kiingereza, mi nashika mzizi kwanza

Mwenzenu zamani nilikua nakariri maneno 20 kwa siku kwenye daftari, kesho yake asubuhi yote yameyeyuka. Siku hizi nashika mzizi kwanza. Chukua loqui, ni Kilatini, maana yake kusema, sasa hapo unapata loquacious yani mtu wa maneno mengi, eloquent anayeongea vizuri hadi watu wanatulia, na soliloquy ndo kujisemea peke yako, yote ukoo mmoja kama sisi tunavyotoa msemaji, msemo na usemi kwenye sema. Yani hii kitu tunaijua tangu utotoni!

Kilatini kimejaa kwenye Kiingereza sababu Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, waliiteka Uingereza mwaka 1066 wakaja na Kifaransa chao, ambacho nacho kimetoka kwenye Kilatini, baadae wasomi nao wakachota kwenye vitabu vya Kilatini.

Ila angalieni jamani, maana tupu haitoshi. Famous na notorious wote wanajulikana, lakini notorious anajulikana kwa ubaya, ukimwandikia bosi hivyo kwenye barua umemtukana. Ndo maana kila neno jipya nalitungia sentensi yangu, jana ilikua ephemeral, yani kitu cha muda mfupi tu, nikaandika habari ya umande, jua likichomoza tu haupo.